Mwalimu wa Mazoezi na Akili Mnemba

Muhula huu shule yetu ilipata mwalimu wa mazoezi kutoka chuo kimoja cha ualimu, akapewa kutufundisha Jiografia sisi wa Kidato cha Nne. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jambo lililotokea darasani, kwa maana nikijaliwa kufaulu mtihani wa mwisho, mimi nami nataka kuwa mwalimu.

Kijana huyo ni mpole na mwenye bidii. Siku ya kwanza alitueleza bila kuficha ya kuwa maandalio yake ya somo huyatengeneza kwa simu, kwa msaada wa akili mnemba. Huitajia mada, kidato na dakika za kipindi, nayo kwa muda mfupi humpa utangulizi, hatua za somo na maswali. Sisi tusioruhusiwa simu bwenini tulistaajabu sana. Kiingereza cha andalio kilikuwa safi, na maelezo ubaoni yalinyooka.

Basi Jumanne moja tulifika kwenye maporomoko ya ardhi. Aliandika sababu zake: mvua nyingi, matetemeko, miteremko mikali, ukataji wa miti. Akataja mifano ya Japani na Italia. Kisha akaongeza, kama simu ilivyomwandikia, ya kwamba hata Hanang watu walikata miti mlimani, ndipo mlima ukashuka.

Darasa likanyamaza. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni upande wa Katesh, alisimama. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na Gendabi, watu zaidi ya 80 wakafa, na shangazi yake akiwamo. Aliomba ruhusa aseme kwa Kiswahili. Akasema, "Mwalimu, shangazi yangu hakukata mti wowote. Alikuwa amelala."

Mwalimu hakumkaripia. Alifuta sentensi ile, akasema, "Pole sana. Nitakwenda kutafuta."

Alhamisi alirudi na maelezo ambayo serikali iliyatoa wakati ule: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka na kuwa tope. Akatuambia, "Nilisoma nilichopewa, wala sikukiuliza swali." Halafu akawataka wa Hanang waeleze walivyoona, na sisi wa Mbulu tueleze jinsi wazee wa Kainam wanavyolima miteremko kwa matuta na samadi. Kipindi kile sitakisahau.

Babu yangu alipokuja kunitazama kutoka Dongobesh, nilimsimulia habari hii, naye akacheka kidogo. Babu ni mwalimu wa UPE. Taifa lilipoazimia mwaka 1974 kwamba watoto wote waingie shule ya msingi upesi, walimu hawakutosha. Hivyo kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walijifunza ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na ya redio, huku wakifundisha. Zaidi ya 35,000 wakawa walimu kwa njia hiyo, na watu wengine waliwadharau.

Nikamwuliza, "Babu, redio ile haikuwa kama simu hii?"

Akajibu, "Ilikuwa hivyo hivyo, mjukuu wangu. Redio ilisema na nchi nzima. Haikujua kwamba mbele yangu wameketi watoto wasiojua lugha nyingine ila Kiiraqw. Hilo niliwaza mimi usiku, kibatari kikiwaka, nikiandika andalio langu. Usiku ule ndio ulionifanya mwalimu."

Neno hilo limenikaa moyoni. Sisemi akili mnemba ikataliwe. Madarasa yetu yamejaa, na mwalimu kijana akipata msaada wa kuandaa maswali mazuri, sisi tunafaidika. Lakini zamani, mwanachuo alipokuwa akihangaika kuandika andalio, alilazimika kuwafikiria wanafunzi wake mmoja mmoja. Sasa andalio lapatikana kwa dakika mbili, na yale mafikara hayaji pamoja nalo. Naona basi wakufunzi wasitosheke kumwuliza mwanachuo, "Andalio liko wapi?" Wamwulize, "Ni nani walioketi mbele yako, na umebadili nini kwa ajili yao?"

Wiki ya mwisho kabla hajaondoka nilitumwa kumpelekea madaftari. Andalio lake lilikuwa wazi mezani, limechapwa vizuri kama kawaida. Lakini pembeni alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mkono wake: "Waulize wa Hanang kwanza." Nikajua ya kuwa amekwisha kuwa mwalimu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tumemwona mgeni akipona pia.