Mostar: Kuvuka Daraja ni Kazi Rahisi

Ukitaja safari ya wawili, akili za wengi wetu zinakimbilia Paris. Mwezi huu nakupeleka kwingine kabisa: Herzegovina-Neretva, moja ya kantoni 10, yaani majimbo madogo, za Shirikisho la Bosnia na Herzegovina. Makao makuu yake ni Mostar.

Panda treni kutoka Sarajevo. Ni mwendo wa saa mbili hivi, na tafadhali gombania dirisha! Reli inateremka milimani hadi Konjic, inapita Jablanica, huku mto Neretva ukikusindikiza na maji yake ya kijani. Yanavutia kweli, ila baridi yake si mchezo hata kiangazi.

Jina Mostar linatokana na mostari, walinzi wa daraja. Lenyewe linaitwa Stari Most, Daraja la Kale: upinde mmoja wa mawe uliokamilika mwaka 1566, kazi ya fundi Mturuki Mimar Hayruddin. Vijana hujirusha mtoni kutoka pale juu, zaidi ya mita 20. Zamani, wanasema, ndivyo kijana alivyomthibitishia binti kwamba yeye ni mwanaume. Kaka zangu, shukuruni siku hizi kuna maua.

Lakini usidanganyike na picha. Katika vita ya 1992 hadi 1995, Wakroati na Wabosnia Waislamu walianza upande mmoja, kisha wakageuziana bunduki. Tarehe 9 Novemba 1993, mizinga ya majeshi ya Wakroati iliangusha daraja lililodumu miaka 427. Lilijengwa upya kwa mawe ya huko huko, likafunguliwa Julai 2004, na mwaka uliofuata UNESCO ikaliweka kwenye Urithi wa Dunia.

Hapo ndipo watalii wengi hufunga kamera, wakiamini mambo yamekwisha. Mimi niliendelea kutembea kuelekea magharibi, na dakika chache tu nikafika Bulevar, barabara iliyokuwa mstari wa mbele wa vita. Kumbe mpaka wenyewe uko hapa, si mtoni! Waislamu wengi wanaishi mashariki, Wakroati magharibi. Mji mmoja una vyuo vikuu viwili vya umma na timu mbili za mpira, Velež na Zrinjski. Kwenye Gimnazija ya zamani, wanafunzi wanatumia jengo moja, mitaala tofauti.

Wanasiasa nao walishindwa kuelewana kiasi kwamba tangu 2008 hadi Desemba 2020 mji haukufanya uchaguzi wa madiwani. Aliyefungua njia ni mwalimu wa falsafa, Irma Baralija, aliyeishtaki nchi yake kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na kushinda mwaka 2019. Mawe yalichukua miaka michache. Kuaminiana bado kunajengwa, na wenye ndoa wanajua ninachosema.

Mkienda, tengeni siku ya Blagaj, kuona nyumba ya masufi chini ya jabali linakochimbuka mto Buna. Mkitaka bahari, shukeni Neum, mji pekee wa pwani wa nchi nzima. Ila Mostar msiishie darajani. Vukeni na Bulevar, mnywe kahawa pande zote mbili.