Ampea Mbili

Ukimuuliza mamangu anaendeleaje, jibu ni moja: "Niko sawa." Aliniambia hivyo Kitale, akaniambia hivyo Lodwar, na alikuwa bado ananiambia hivyo siku kipimo chake cha sukari kiliposoma 19.2.

Lakini wacha nianze na gari. Ni HiAce kuukuu iliyokuwa matatu. Niling'oa viti, nikapiga kitanda cha mbao, nikaweka meko ya gesi na friji ndogo ya volti 12. Marafiki walidhani ni mambo ya Instagram, na hawakukosea sana. Ila friji ilikuwa ya insulini. Mama alitaka kumwona dadake Lodwar, zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi, na insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Lodwar, digrii 35 ni siku ya kawaida.

Nyuma niliweka betri ya pili, ile ya asidi, ya ampea-saa 100, nikaivutia waya kutoka mbele ili alteneta iichaji tukiwa njiani. Kazi yote nilifanya mwenyewe kwa kuangalia video. Waya nilitumia iliyobaki nilipofunga spika. (Cheka tu.) Kwenye dashibodi nikabandika mita ya volti, na safari nzima ilisoma 14.1. Nakuru, 14.1. Eldoret, 14.1. Kila mara nilimwambia Mama, "Betri inajaa."

Tulilala Kitale. Alfajiri friji ilikuwa kimya. Betri ya nyuma nilipoipima ilisoma 11.3.

Mama hakunilaumu. Alienda sokoni akarudi na vyungu viwili, akakiweka kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati, akaulowesha maji na kufunika na kitambaa chenye maji. Hewa kavu ya Turkana ikafanya kazi iliyoishinda friji yangu: maji yakikauka, yanaondoka na joto. Si baridi ya friji, lakini ni afadhali mara kumi kuliko ndani ya gari. Nikajiambia tumeponea.

Kumbe Mama alikuwa ameshaacha kuiamini ile dawa. Hakujua kama joto limeiharibu, hakutaka kuniambia ninunue nyingine, basi akawa anajidunga nusu. Siku tano. Mimi nauliza, "Mama, uko sawa?" Yeye, "Niko sawa, baba." Ni shangazi, yaani mamangu mdogo, aliyegundua kwamba dadake anamaliza jagi la maji na kuamka kila saa usiku. Akamshika kidole kwa nguvu, akampima. Tulikaa hospitalini siku mbili.

Tuliporudi Nairobi nilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee kule Grogan. Hakuitazama hata ile mita yangu. Aliniambia niwashe injini na friji, akatoa mita ya kubana, ile yenye meno kama ya kaa, akaibana kwenye waya unaoleta chaji nyuma. "Tano," akasema. Akabana waya wa friji. "Nne." Akanitazama. "Boss, unaweka shilingi tano benki, unatoa nne. Unataka utajirike lini?"

"Na 14.1?"

"Hiyo ni ya mbele. Umeuliza mlango habari za chumbani."

Volti ni msukumo, alinieleza. Ampea ndiyo umeme unaoingia kweli. Waya wangu mwembamba, pamoja na bolti yenye kutu niliyofungia ethi, vilikuwa vinakula msukumo njiani, na huko nyuma ilikuwa inafika 13.1 tu. Hata chaja ya nyumbani ilikuwa imenidanganya na taa yake ya kijani. Alinifundisha niiache betri kwenye volti 14.4 nitazame ampea: zitaanza juu, zishuke polepole, na kwa betri ya 100 zikifika kama mbili au moja na kukwama hapo, imejaa. Ile sehemu ya mwisho ndiyo inachukua masaa, na ndiyo watu wengi hatuna subira nayo. Mimi nilikuwa nachomoa baada ya masaa mawili nikienda kulala.

Akanifungia waya mnene kama kidole, ethi yake yenyewe hadi mbele, na fyuzi karibu na kila betri, maana waya kama huo ukigusa bodi bila fyuzi unachoma gari. Tukawasha. Thelathini na moja! Nilishangilia kama goli.

Sasa mita ya dashibodi ni ya ampea zinazoingia kwenye betri. Tuliporudi njia ile ile tulisimama Kapenguria kunywa chai, na kabla sijazima injini Mama aliinama kuangalia.

"Ngapi?"

"Mbili."

"Kwa hivyo imejaa."

"Imejaa." Nikatoa kipimo cha sukari kwenye droo. "Na wewe?"

"Mimi niko—" Akanyamaza, akatazama nje kidogo, kisha akaninyooshea kidole.

8.1.