Mchungaji Aliyekomaa



Juzi baada ya ibada ya vijana, kijana mmoja aliniuliza: "Pasta, mtu akikomaa kiroho mpaka asisikie uchungu, hofu wala hasira, ni nini kitamtoa kitandani asubuhi?" Nilimjibu harakaharaka kwamba ni Neno. Jibu si baya, lakini nilikuwa nakwepa, maana mtu huyo nimewahi kuwa mimi.

Ndugu yangu mdogo alipofariki, tulimzika nyumbani Seme. Mnajua sisi Wajaluo tunavyoomboleza. Boma lilijaa vilio tangu alfajiri. Mimi niliongoza ibada, nikatupa udongo kaburini, nikanawa mikono. Hata chozi moja. Watu wakasema, "Mchungaji amekomaa." Niseme ukweli, sifa hizo zilinipendeza.

Chuo cha Biblia tulifundishwa habari za Wastoiko, wale Paulo aliokutana nao Athene, Matendo 17. Walifundisha kwamba mwenye hekima hatawaliwi na huzuni wala woga. Na hawakuwa wavivu. Marcus Aurelius, aliyefuata mafundisho yao, alikuwa kaisari wa Roma tangu mwaka 161 hadi 180, akaongoza dola na vita.

Hata mimi sikuacha kazi. Jumapili nilihubiri, Jumatano maombi, harusi na matanga nilifika kwa wakati. Kilichokuwa kwenye ratiba kilifanyika. Ila hakuna kipya kilichoanza. Mabati ya darasa la watoto kule Nyalenda, yale mliyochangia kwa shida, yalikaa stoo miezi minane. Sikukataa kujenga. Nilipima tu: tuanze sasa au mvua ipite kwanza? Fundi huyu au yule? Kila sababu ilikuwa na uzito sawa na nyingine.

Baadaye nilisoma habari ya mgonjwa mmoja ambaye daktari Antonio Damasio aliandika juu yake mwaka 1994, kule Marekani. Alimpa jina la Elliot. Alitolewa uvimbe kwenye ubongo, na akili yake ikabaki timamu, akipimwa anafaulu. Lakini hakusikia tena furaha wala uchungu, hata kwa msiba wake mwenyewe. Angeweza kukaa mchana kutwa akifikiria namna ya kupanga makaratasi, asiamue. Kazi ikamponyoka. Nilifunga kitabu nikayakumbuka mabati.

Nehemia alimaliza ukuta kwa siku 52. Hizo siku 52 nimezihubiri sana, tena kwa sauti kubwa, nikiruka sura ya kwanza ambapo mzee wa watu ameketi analia na kufunga kwa siku kadhaa. Na Bwana mwenyewe alilia Bethania, akijua kabisa kwamba Lazaro anatoka kaburini. Sijui sisi tuliookoka tulitoa wapi habari kwamba machozi ni upungufu wa imani.

Aliyenifungua ni mama mmoja wa kanisa letu anayeuza omena. Alinivuta kando akaniambia, "Pasta, siku hizi unaomba kama mtu anayesoma risiti." Kisha akanipa gorogoro moja ya omena nipeleke nyumbani.

Jioni mke wangu alipozikaanga, ile harufu ikanipata. Marehemu alikuwa akizidokoa kwenye sufuria kwa vidole kabla ugali haujaiva, na anayechapwa ni mimi, kwa sababu ndimi mkubwa. Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya jikoni, nikalia kama mtoto. Mama watoto alizima jiko akaja akaketi nami. Hakusema kitu.

Asubuhi niliamka na kichwa kinauma, sina nguvu yoyote ya ajabu. Lakini nilikwenda stoo kuhesabu mabati. Yapo 38, mawili yameshika kutu.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunapaua pale Nyalenda. Mwenye nyundo aje nayo.