Picha za Sebuleni na Picha za Chumbani

Nyumbani kwetu Kikwajuni, Unguja, picha hazikupangwa kwa miaka wala kwa majina. Zilipangwa kwa macho: nani anaruhusiwa kuiona hii, nani ile hamhusu. Hatukufundishwa kanuni hiyo kwa maneno. Mtoto alijua tu kwamba picha za sebuleni ni za kila mgeni, na za chumbani kwa bibi hazitoki mpaka mlango ufungwe.

Ukutani sebuleni walitundikwa wanaume. Babu alikuwa amevaa kanzu, koti na kofia, kasimama wima pembeni ya kimeza chenye maua. Nyuma ya picha yake palikuwa na muhuri wa Capital Art Studio, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930. Pembeni mwa fremu zilichomekwa picha za pasipoti za wajukuu. Ukuta wa upande wa kibla tu ndio uliachwa mtupu, maana babu hakutaka kusali anatazamana na sura ya mtu, hata iwe sura yake mwenyewe.

Wanawake walikaa ndani ya kasha. Lilikuwa kasha la mbao lenye misumari ya shaba, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza nguo: doti za kanga ambazo hazijakatwa, buibui la zamani, kitambaa cha harusi. Chini ya nguo, katika bahasha za kaki, ndimo zilimokuwa picha za bibi na mashoga zake siku za harusi, vichwa wazi, wanja machoni, asumini kwenye nywele, wanacheka kwa namna ambayo mimi sikuwahi kuwaona wakicheka barazani. Pamoja nazo zilikuwamo kadi za Idd na barua za karatasi nyembamba ya buluu kutoka Maskati, walikohamia baadhi ya jamaa zetu baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilizitazama picha hizo nikiwa mdogo, nimeegemea goti la bibi. Nilipoanza kuota ndevu nikaacha kuitwa. Bibi ni bibi yangu, lakini mashoga zake hawakuwa maharimu wangu.

Bibi alitia karafuu ndani ya bahasha, akisema mende hawazipendi. Sijui kama mende waliulizwa. Lakini giza, karatasi kavu na kutokuwapo kwa gundi vilifanya kazi yake, na picha zile za rangi nyeusi na nyeupe mpaka leo unaweza kuhesabu shanga shingoni mwa mtu.

Miaka ya 1980 zikaingia albamu. Jamaa wa Maskati walikuja nazo masandukuni, nene, zenye mawaridi kwenye jalada, kurasa za gundi na nailoni ya kufunika juu. Albamu ikawa sehemu ya ukarimu: mgeni anakaa, anapewa sharubati, anawekewa albamu mapajani, mama anarudi jikoni. Mama alikuwa na mbili. Ya kwanza ilikaa chini ya meza ya sebuleni. Ya pili ilikuwa ya wanawake, na ilifungiwa kabatini, ufunguo ukining'inia kwenye mshipi wake. Alizitoa baadhi ya picha kwenye bahasha akazibandika, na wakati ule sote tuliona ni maendeleo.

Gundi ile ndiyo iliyotumaliza. Masika baada ya masika nailoni ilishikana na picha, kurasa zikawa za manjano. Picha za rangi zikageuka nyekundu nyekundu, kwa kuwa rangi zake ni kemikali zinazochakaa kwa joto na mwanga, ilhali picha nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa chembe za fedha. Negativu zilizotiwa kwenye kopo la biskuti zilinuka siki. Plastiki ya asetati inapooza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ami yangu mmoja alikwenda mbali zaidi, akazipiga picha zake lamineshen ili zidumu. Zikapinda, na sasa hakuna wa kuzitoa mle.

Kampuni ya Kodak ilipoomba kinga ya mufilisi Januari 2012, kwetu hakuna aliyekuwa ananunua tena filamu. Picha zilikuwa zimehamia kwenye simu. Hapo ndipo kanuni ya macho ilipovunjika. Binamu mmoja aliyeko ng'ambo aliipiga kwa simu picha ya chumbani akairusha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, lenye wakwe, mashemeji na watu tusiowajua vizuri. Kabla ya alasiri bibi na mashoga zake walikuwa wameonekana Maskati, Dubai na London. Mama alipiga simu. Binamu akajitetea kwamba wote mle ni marehemu.

"Kwani aliyekufa hana stara?" mama alimuuliza.

Tangu hapo tumezipanga upya. Dada yangu amezibandua za albamu ya wanawake kwa uzi mwembamba wa kusafishia meno, akiupitisha polepole nyuma ya picha. Mimi nimefanya za sebuleni. Zilizogandana na kioo cha fremu tumeziacha hapohapo. Nyingine zimerudi kwenye bahasha za karatasi tupu, ndani ya maboksi, juu ya kabati lililo mbali na ukuta unaopigwa na mvua, na mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa. Majina tunayaandika nyuma, ukingoni, kwa penseli laini, huku mama akitutajia.

Wataalamu wanashauri picha zipangwe kwa mwaka na tukio. Sibishi, lakini kwetu maboksi ni mawili tu, ya sebuleni na ya chumbani, na la chumbani analo dada yangu. Mimi silifungui.

Nawe msomaji, kabla hujaipiga kwa simu picha ya zamani na kuirusha kwenye grupu la ukoo, muulize aliyemo. Ikiwa amekwishafariki, waulize binti zake.