NANI ALIYEWAHESABU OMENA?

Mkaazi wa Huruma hahitaji kuelezwa omena ni nini. Ukishuka matatu jioni, harufu yao hukupokea kabla ya mtu kukusalimu. Mama yangu huwauza kwa kikombe na kwa gorogoro, na karo yangu imetoka humo tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Neno likitajwa juu ya omena, basi, masikio yangu husimama wima.

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili samaki hao wapate kuzaana. Miezi hiyo bei ya gunia hupanda, wateja hupungua, na kwetu nyumbani chai huwa ni strungi. Mama huuliza, "Wanasema omena wamepungua. Nani aliingia majini akawahesabu?"

Nililichukua swali hilo hadi kwa mwalimu wetu wa Bayolojia. Kumbe wanaowahesabu wapo, tena hawalowi! Tangu mwaka wa 1999, Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikichunguza Ziwa Victoria mara kwa mara kwa kutumia meli na mwangwi. Meli hukata ziwa kwa mistari iliyonyooka. Chini yake kuna chombo kinachopeleka sauti majini, nayo sauti ikigonga samaki hurudi. Kinachorudisha mwangwi hasa ni kile kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Mbuta mkubwa huonekana peke yake kama nukta, ilhali omena huonekana kama wingu. Kisha wavu hushushwa ili kuhakikisha kwamba wingu hilo ni omena kweli.

Kazi hiyo si ya nchi moja. Ziwa lina ukubwa wa kilomita mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu. Omena hana kitambulisho. Leo yuko Kenya, kesho yuko Uganda. Ndiyo sababu mwaka wa 1994 nchi hizo tatu ziliunda shirika moja la uvuvi wa ziwa, lenye makao yake Jinja.

Katika gunia la omena huwa mna vidudu vyekundu vilivyojikunja, ambavyo wateja wengine huvichambua na kuvitupa. Wajaluo huviita ochonga. Ni uduvi wa ziwani, na mbuta wadogo huwala sana. Uduvi hana kibofu cha hewa, kwa hiyo mwangwi wake ni hafifu. Taabu hiyo hiyo huwapata wanaohesabu uduvi wa bahari ya barafu kule kusini mwa dunia, chakula cha nyangumi na pengwini. Mwaka wa 2019 meli za mataifa kadhaa zilizunguka huko, zikakadiria kuwa katika eneo moja la kusini mwa Atlantiki mlikuwa na tani milioni 62.6. Mdudu asiyefika urefu wa kidole ametafutiwa meli chungu nzima! Nilipolisoma hilo, niliacha kuwatupa ochonga.

Nilimweleza mama hayo yote akipepeta omena. Alinyamaza, halafu akaniuliza, "Na hiyo meli hupita usiku au mchana?"

Swali lake lilikuwa na maana kubwa. Mama alizaliwa karibu na ziwa. Anajua kwamba mchana omena hukaa chini, na usiku wa giza hupanda juu kufuata taa za wavuvi. Nacho chombo cha meli hakiwezi kumsikia samaki aliye juu kabisa ya maji, wala meli haiingii katika vighuba vyenye maji machache na magugu. Wanasayansi wenyewe hulijua jambo hilo, ndiyo maana idadi yao huitwa makadirio. Mimi naona hata makadirio ni afadhali kuliko kubahatisha. Lakini mama naye hushika omena kila siku kwa mkono wake, na hutambua wakianza kuwa wadogo. Sijasikia mtu aliyekuja kumuuliza.

Laiti matokeo ya meli yangebandikwa sokoni kwetu kwa Kiswahili, mwezi wa Machi hivi, kabla ya uvuvi kufungwa. Mama angejua anunue magunia mangapi ya kuweka.