Mwezi wa Pasaka

Mume wangu ni mtu wa ziwa. Amekulia Bukavu, ambako wavuvi wa sambaza hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga makasia huku wanaimba. Ziwa Kivu halina kujaa wala kupwa. Mimi ni wa Unguja, na kwetu hata mtoto anajua kwamba bahari ina saa zake. Tofauti hiyo hatukuiona tulipooana, wala tulipohamia Molenbeek, Brussels. Ilikuja kuonekana Uingereza, usiku, kwenye baridi.

Nyumba yetu haiko mbali na mfereji. Huo ndio uliofunguliwa mwaka 1832 kuleta makaa ya mawe kutoka Charleroi, viwanda vikaota kando yake mpaka mtaa ukaitwa Manchester ndogo. Viwanda vimekwisha, maji yamebaki, na kusema kweli si maji ya kunawia uso. Mume wangu, Baba Zuhura, aliyapenda hivyo hivyo. Alipata mwenzake Mfleming mwenye kayaki ya watu wawili, wakawa wanafanya mazoezi baada ya kazi, mimi nikitembea ukingoni na mtoto mgongoni. Nilidhani ni mchezo wa kupunguza tumbo.

Kumbe walikuwa wanajiandaa kwa mashindano ya Devizes hadi Westminster. Ni maili 125, yaani kilomita 201, kwanza kwa mfereji wa Kennet na Avon, kisha mto Thames mpaka katikati ya London. Njiani kuna mahali 77 pa kutoka majini, kubeba kayaki na kukimbia nayo, pengi pakiwa kwenye malango ya maji kama lile letu la karibu na Porte de Ninove. Wanaokwenda wawili wawili bila kulala huanza Jumamosi ya Pasaka na kumaliza Jumapili. Rekodi ni ya mwaka 1979, saa 15 na dakika 34. Watu wa kawaida, kama wangu, huchukua mchana kutwa na usiku kucha.

Mashindano yalianza mwaka 1948, vijana wa skauti wa Devizes walipowekewa dau kwamba hawatafika Westminster chini ya saa 100. Sharti moja lilikuwa wabebe chakula chao wenyewe. Leo mambo yamegeuka: kila kayaki ina watu wake wa nchi kavu, wanaoendesha gari usiku kwenye vijia vyembamba, wakiwahi daraja hili na lango lile na chupa za chai na nguo kavu. Kuibeba kayaki si kazi yao. Kulisha ni kazi yao, na kusema.

Hapo kwenye kusema ndipo nilipobadilika. Kwetu mtu akija ameloa anatetemeka, unampa pole, unamshika bega, unamwambia apumzike. Kwenye resi za ngalawa Unguja wanawake tunangoja pwani, tunapiga vigelegele chombo kikirudi, basi. Mwaka wa kwanza nilikwenda na adabu hizo zote. Mke wa mpiga kasia mwingine, mama wa makamo ambaye inaonekana amewalisha wengi, alinivuta pembeni tukiwa Newbury. Akaniambia mtu aliyechoka hivyo ukimhurumia atakaa chini, na akikaa chini hainuki. Mpe kikombe, mwambie lango linalofuata liko umbali gani, mwondoe.

Nilimwona hana moyo. Lakini nilimtazama alivyofanya na mumewe: uji wa wali wa maziwa mdomoni kwa kijiko, maneno mawili, kofi la mgongo, na yule bwana akaingia majini kama aliyesukumwa. Tangu hapo huruma naiweka garini. Chakula nimekibadilisha: uji wa mchele wenye tui na hiliki, mwepesi wa kunywewa, na tende za maduka ya Chaussée de Gand, nimezitoa kokwa maana vidole vyao usiku havishiki kitu. Gari naendesha mimi. Waingereza hupita kushoto kama Zanzibar, na Baba Zuhura akishika usukani kule huwa tunasoma dua.

Lakini kilichonipa cheo hasa ni Teddington. Mpaka hapo Thames ni mto tu. Kuanzia hapo maji ya bahari yanaingia na kutoka, na maili 17 zilizobaki lazima uende nayo yakikupwa. Ukiwahi, unangoja ukiganda. Ukichelewa, mlango umefungwa na safari imekwisha. Kwa hiyo saa ya kuondoka Devizes inahesabiwa kurudi nyuma kutoka kwenye maji. Yule Mfleming alikuwa na jedwali lake. Mume wangu alilitazama kama anayesoma Kichina.

Mimi sikuhitaji mtu wa kunieleza. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo kila mwaka huangukia baada tu ya mwezi kumi na tano au siku chache mbele. Maana yake ama bamvua, ama maji yanayoelekea kufa. Mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa London Bridge kwenye saa nane au tisa, Teddington kama saa moja baadaye, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Babu yangu angepiga hesabu hiyo kwa vidole. Jedwali la Mfleming tunalo bado, na ndilo tunalofuata kwa dakika, lakini siku hizi linaletwa kwangu nilihakiki.

Kayaki sasa hufuatiliwa kwenye simu, nukta inayotambaa juu ya ramani, na wengine wa nchi kavu hukaa garini na hita mpaka nukta ikaribie. Mimi hushuka mapema. Nukta haisemi kama anatapika.

Safari hii Jumapili ya Pasaka inaangukia mwezi ishirini. Juzi mezani Baba Zuhura alisema wataondoka saa tatu asubuhi, maana amejisikia ana nguvu.

"Utafika Teddington maji bado yanajaa," nikamwambia. "Saa tano."

"Mama Zuhura, saa mbili nzima!"

"Saa tano."

Akampigia Mfleming simu kumweleza ni saa tano.