Ghala la Kale Kulifanya Nyumba

Ukipata ghala la kale katika Mji Mkongwe wa Unguja, nawe wataka kulifanya maskani ya watoto wako, usikimbilie saruji. Kuta zile ni za mawe na chokaa. Hunyonya maji, kisha huyatoa. Ukizipiga lipu ya saruji unyevu hufungika ndani, na ncha za boriti zilizomo ukutani zikaoza kimyakimya. Fundi wangu alitaka saruji kwa kuwa hukauka upesi (na mafundi ndivyo walivyo), nilikataa.

Wala usibomoe ukuta wa kati upate sebule pana. Boriti za mikoko ni fupi, ndio maana vyumba vyembamba. Beit al-Ajaib sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, imo katika matengenezo, wakafariki watu wawili. Na ukuta wako huenda ndio ukuta wa jirani. Basi kabla ya kutoboa dirisha, mpigie hodi, umwulize ua wao wa wanawake u upande gani.